Kondo la Uzi na Kifungo Chake

Mnakuja kwangu na simu zenu, mnaniambia, "Mama Feza, tutapiga picha mikono tu." Sawa, pigeni. Uso huu umeshapigwa vya kutosha na jua la Zongwe. Lakini mikono peke yake haitawafundisha kitu, njo maana nimeomba daftari hili niwaandikie polepole, kabla usingizi haujanichukua tena.

Kwa asiyenijua: nilikuwa mukunga. Nilianza Zongwe, kijiji cha kando ya ziwa kwenye njia ya kwenda Moba, nikamalizia hapa Kalemie kwenye materinite, wodi ya wazazi. Sasa nimestaafu, nakaa dirishani na kroshe, sindano yangu ya kufumia. Ninachofuma ni kondo la nyuma, lile linalotoka baada ya mtoto kuzaliwa. Nalifuma kwa uzi, nalijaza sufi, nalitia kamba ya kitovu, na wanafunzi wa ukunga wanalishika na kuligeuza mpaka walizoee. Mgeni akiingia hapa nyumbani anafikiri ni kofia. Kuna Papa mmoja, mzee wa reli, aliwahi kulivaa, akaniuliza mbona lina mkia. Nilipomwambia ni nini, alilivua kwa vidole viwili, na chai yangu hajainywa tena tangu siku ile.

Nasinzia sana siku hizi. Upepo wa ziwa ukiingia mchana, ugali umeshuka tumboni, kroshe iko mkononi, macho yanafumba na mikono inaendelea. Nikizinduka nakuta mistari miwili mitatu ambayo sikumbuki kuifuma, na mara nyingi ni mizuri kuliko ile niliyofuma nikiwa macho. Humo usingizini nakuwa nimekaa Zongwe na Nkambo Paulina, bibi aliyenifundisha kufuma, ananisahihisha. Amekufa zamani, na bado ananisahihisha.

Basi shikeni uzi. Rangi kwanza. La kwanza nililofuma mwenyewe lilikuwa jekundu, uzi mpya wa sokoni, maana nilijiambia damu ni nyekundu, basi. Nkambo alilitazama akasema, "Hii ni nyanya." Siku tuliyolilowesha kwa somo likatoa rangi, likamchafulia gauni Mama mmoja aliyekuja kukagua kituo. Nikabaki nimesimama pale naomba msamaha kwa ajili ya kondo linalovuja. Tafuteni rangi ya maini. Sweta kuukuu ya mitumba ndiyo bora: ifumueni, uzi wake umeshafuliwa mara nyingi, hauna tena rangi ya kutoa.

Kujaza nako kuna akili yake. Mimi nilijaza pumba za mahindi ili liwe zito. Panya wakala somo zima kwa wiki moja, wakaniachia kamba ya kitovu. Siku hizi nashona kimfuko cha mchanga safi wa ufukweni, nakizungushia sufi, ndipo nafunga. Lazima liwe zito na lilegee. Likikaa wima kama mto wa kiti, mwanafunzi atajifunza mto wa kiti.

Najua mnataka kujua mishono ni mingapi. Ngojeni. Msipojua kwa nini tunafuma, mtafuma kofia.

Siku ile Zongwe nilikuwa na miezi michache tu kazini. Astrida, mke wa mvuvi mmoja, alijifungua asubuhi uzazi wake wa kwanza, mtoto wa kike, bila taabu. Kondo likatoka. Mlangoni alikuwa amesimama Nkambo Paulina, mama mkwe wake, na chungu kipya mikononi. Nkambo maana yake ni bibi, na yeye alikuwa bibi wa nusu ya kijiji. Kwao kondo lazima lilale ardhini kabla jua halijafika utosini, na anayelizika ni yeye, mama ya baba wa mtoto.

"Binti, jua linapanda," akaniambia.

Mimi, kwa kumheshimu na kwa kumwogopa kidogo, nikalimimina chunguni jinsi lilivyokuwa. Sikuligeuza wala sikulitazama. Shuleni nilikuwa nimefundishwa kutazama, lakini kitabu chetu kilikuwa na picha moja tu iliyofifia, na mimi nilikuwa nimeiangalia siku ya mtihani. Niliona nimeelewa.

Alasiri Astrida akaanza kumwaga damu. Nikamsugua tumbo, kizazi kikakaza kidogo, kikalegea tena. Nikapiga sindano niliyokuwa nayo. Damu ikapungua, halafu ikarudi, na midomo yake ikaanza kupauka. Hospitali ilikuwa Kalemie, na ziwa lilikuwa limechafuka, hakuna boti iliyotoka siku hiyo. Huenda kizazi kilikuwa kimechoka tu. Huenda kipande cha kondo kilibaki ndani, na kikibaki, kizazi hakiwezi kujifunga. Kumwingiza mkono mtu aliyedhoofika hivyo, bila kujua kama kuna cha kutoa, ni kumwumiza na kumletea homa bure. Kitu kimoja tu kingeniambia ukweli, nacho kilikuwa kimezikwa.

Nilimwachia dada yake kazi ya kusugua tumbo, nikakimbia. Nkambo alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba, anafuma kitambaa cha meza. Masista wa Mpala walimfundisha kroshe akiwa msichana, na tangu hapo mikono yake haikujua kukaa bure.

"Nkambo, ile kondo umeizika wapi?"

"Juu ya nini unaulizia?"

"Nataka kuitazama."

Hakuinua macho. "Kitu yenye kuzikwa haifukuliwi. Ukifukua kondo unamwita mutoto arudi kule alitoka. Wewe mwanamuke, mama yako hakukuambia?"

Nilikuwa nimeambiwa. Kwetu pia ni vile vile. Ningeweza kumtisha kwa jina la serikali, ningeweza kudanganya. Nikapiga magoti kwenye majivu.

"Sikuitazama, Nkambo. Asubuhi ulisimama mulangoni, mimi nikafanya mbio. Kosa ni yangu. Sasa Astrida anamwaga damu, na sijui kama kipande ilibaki."

"Na usipojua?"

"Anaweza kufa, leo hii."

Alimaliza mshono aliokuwa ameuanza, akaukaza, akaweka kitambaa chini. Mpaka leo sijui alipata wapi moyo wa kumaliza mshono ule. Kisha akainuka akachukua jembe.

"Mimi nilizika, mimi nitafukua. Weye usiguse. Kama kuna neno, linifuate mimi."

Tuliliosha kwa maji ya ziwa, nikalikusanya ndani ya viganja. Upande ule uliokuwa umeshikana na mama una vipande vipande, vimebanana kama mihogo kikapuni, na ukivikusanya vinakutana. Vya Astrida vilikutana vyote ila mahali pamoja. Nkambo alipaona kabla yangu, maana macho ya mfumaji yamezoea kutafuta tundu lililorukwa.

"Hapa panakosa," akasema.

Palikuwa na pengo la ukubwa wa yai la bata, kingo zimechanika. Nilirudi mbio, nikanawa mpaka viwiko, nikavaa glavu ndefu, nikamwambia Astrida aniume bega akitaka. Aliniuma kweli. Kipande kikatoka, na kizazi kikafunga ngumi chini ya kiganja changu. Damu ikakoma. Nililia pale pale, mkono mmoja bado juu ya tumbo lake.

Nkambo alikichukua kipande kile, akakiweka pamoja na wenzake, akazika upya. Hapo mtafikiri mambo yaliisha. Hayakuisha. Kijiji kizima kilijua kwamba kondo la mtoto yule limefukuliwa. Mtoto aliitwa Mauwa, na Mauwa akikohoa mara moja, Nkambo hali chakula. Akipata homa, Nkambo analala kwenye mkeka nje ya mlango wake. Alimbeba mgongoni mwaka mzima na hakuna aliyeruhusiwa kumpokea. Mimi nilikuwa napita pale kila asubuhi nikienda kazini, naona aibu hadi magoti. Mama ya mtoto alikuwa hai kwa sababu ya yule mzee, na yule mzee alikuwa hapati usingizi kwa sababu yangu.

Baada ya mavuno akaniita. Alikuwa na kitu mapajani, cha uzi wa rangi ya maini, kimefumuliwa kutoka sweta ya marehemu mume wake. Nikakijua papo hapo. Upande mmoja vipande vimebanana, upande wa pili laini, na kamba katikati. Kipande kimoja kilikuwa kimeshikizwa kwa kifungo cha sweta ile ile. Akakifungua, akakitia mfukoni mwake, akanipa vilivyobaki.

"Tazama. Panakosa wapi?"

Nikamwonyesha.

"Haya. Wasichana wenye kuja kwako kujifunza, usiwaambie na mudomo tu. Mudomo unasahau. Wapatie kitu kwenye mikono. Sitaki kusikia nyumba ingine imefukuliwa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ufumaji, kwa agizo la mtu niliyemnyima usingizi. Kroshe yangu ya kwanza alinichongea kutoka spoku ya baiskeli, akaisugua juu ya jiwe siku tatu. Ninayo mpaka leo, na ndiyo mnayoipiga picha.

Sasa mishono. Anzeni na kiduara cha mishono sita, mstari wa pili kumi na miwili, kisha ongezeni taratibu mpaka kiwe kipana kama sahani ya ugali ya mtu mmoja. Fumeni viwili: kimoja cha upande wa mtoto, kingine cha upande wa mama. Vile vipande vya upande wa mama fumeni kimoja kimoja, halafu shoneni vikigusana. Wala visilingane. Mimi nilivilinganisha vyote, kwa kujisifu, kila kimoja mishono sawa, na vyote jumla kumi na sita. Nkambo akavipapasa akaguna.

"Mungu hafumi kitambaa ya meza," akasema.

Sikumsikiliza. Nikahamia Kalemie na lile kondo langu la kumi na sita, nikafundisha nalo miaka. Alikuwapo mwanafunzi mmoja, Eliana, msichana mwembamba mwenye bidii ya kuchosha. Siku moja yuko kwenye chumba cha uzazi, nasikia anapiga kelele, "Mama Feza, njoo, moja imekosa." Nikaja mbio, roho mkononi. Kondo lilikuwa zima kabisa. Yeye alikuwa amehesabu vipande, akapata kumi na tano.

"Mbona yako iko na kumi na sita?" akaniuliza, machozi yanamlenga.

Nilitaka kumcheka, nikajicheka mwenyewe. Nilikuwa nimemfundisha kuhesabu kazi yangu, si kutazama kazi ya Mungu. Kila mama ana idadi yake. Hatuhesabu, wanangu. Tunakusanya ndani ya viganja na kuangalia kama vinakutana, tunapitisha kidole pembeni taratibu. Nilirudi nyumbani nikafumua vipande vyote kumi na sita, na usiku ule ule Nkambo akaja usingizini. Aliguna tu.

Upande wa mtoto ndio ninaoupenda, na ndio unaonichukua. Ni wa rangi ya maji yenye wingu. Mishipa inatoka pembeni, midogo, inakutana, inanenepa, inakwenda yote kwenye kamba. Nkambo alinionyesha kwa ncha ya kroshe. "Hii njo ziwa," akasema, "na hii mito inaingia, na kamba njo muto Lukuga, inatoka kwa ziwa inaenda kwa watu." Mishipa nafuma kwa uzi wa nailoni wa nyavu za ndagala, dagaa wa ziwa letu, zile mbovu wanazozitupa wavuvi. Nikifika hapo lazima nisinzie. Najiona niko kwenye mtumbwi juu ya kondo lenyewe, maji ni laini, sipigi kasia, na mbele yangu kuna mtoto ameshatangulia. Simwoni, nasikia tu maji aliyoyaacha. Kisha kroshe inaanguka sakafuni, naamka.

Mkifuata mishipa hiyo, angalieni isifike pembeni na kukatika ghafla kwenye utando, ule mfuko mwembamba wa maji ya mtoto. Mshipa haukatiki bila sababu. Huenda ulikuwa unakwenda kwenye kipande kingine ambacho kimebaki ndani. Utando mimi nautengeneza kwa kitambaa cha chandarua.

Nisisahau ya lile lililozikwa. Tulikuwa tumelifua moja la uzi, tukaliacha kwenye beseni dirishani likauke. Akaja bibi mmoja kutoka Mpala, macho yake hafifu, kupokea kondo la mjukuu wake. Tukampa. Baadaye tukatafuta la uzi siku mbili, hatulioni. Siku ya tatu alirudi na mjukuu kupima uzito, nikamwuliza kwa adabu.

"Nilizika zote mbili," akasema. "Munaacha kondo ya muntu inakaa mu beseni, sawa vile haina wenyewe? Hapana, watoto wangu. Niliizika na maombi."

Wanafunzi wakafa kwa kicheko nje ya ukuta. Eliana akaniuliza, "Mama, twende tuifukue? Ile ilikuwa nzuri sana."

"Kaa chini," nikamwambia. "Mimi sifukui tena." Nikaanza lingine jioni hiyo. Bibi yule alikuwa na haki, na la uzi nalo lilipata maombi.

Nkambo alikufa Mauwa akiwa darasa la sita, mzima, mkorofi, hodari wa kuogelea. Waliniletea habari kwa boti. Nilitaka kuamini kwamba alikufa moyo wake umetulia kuhusu mtoto yule, lakini Astrida hakunificha. Hata wiki ya mwisho alikuwa anauliza, "Mauwa amekula? Mauwa amerudi kutoka ziwani?"

Mwezi uliopita Mauwa amejifungua hapa Kalemie. Ameolewa na kijana wa bandarini, asiye na mama, kwa hiyo aliyekuja kupokea kondo ni Astrida mwenyewe, kwa boti kutoka Zongwe, na chungu kipya amekifunga kwa kitenge. Mimi nilipewa kiti pembeni, karibu na mlango, kwa heshima ya uzee na kwa sharti la kunyamaza. Mukunga alikuwa Eliana. Siku hizi ni mama mzima, anafundisha wengine kwa kondo langu, kifungo na vyote.

Mtoto akatoka analia, mvulana. Kondo likafuata. Eliana aliinama nalo mezani, mgongo wake umenielekea, sikuona anafanya nini. Kisha akageuka na beseni, akaja mlangoni. Jua lilikuwa linapanda.

Astrida hakufungua chungu.

"Umetazama?" akauliza.

"Nimetazama, Mama."

"Tazama mbele yangu."

Eliana akaniangalia. Mimi nikajifanya natafuta ncha ya uzi wangu. Akaweka beseni kwenye kiti, akalikusanya lile kondo ndani ya viganja, akaanza kupapasa pembeni. Kidole kilikwenda taratibu. Nusu ya mzunguko kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo. Nikaona majivu, nikaona jembe. Mauwa kitandani alikuwa ananyonyesha, hajui kitu. Eliana akasogea dirishani kwenye mwanga, akavibana vipande viwili vya pale kidole kiliposimama, akavitazama mpaka akaridhika, akamaliza mzunguko wake.

"Imetimia, Mama. Hakuna kinakosa."

Astrida naye akachungulia, kwa muda wake, kama mtu anayesoma barua. Kisha akafungua kitenge, akafunua chungu.

"Leta," akasema. "Hii tutazika mara moja tu."